Raha na riziki katika gemu za blokcheni: nani hulipa?

Gemu ya blokcheni ni mchezo wa video ambao vitu vyake, kama wahusika, kadi, silaha au sarafu, huandikwa katika daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja badala ya seva ya kampuni moja. Kwa mchezaji, tofauti hiyo si ndogo. Almasi za kidijitali anazonunua kijana kwenye gemu ya simu ya Free Fire hubaki humohumo ndani ya Free Fire. Akichoka na mchezo, fedha yake imekwisha kama ilivyokwisha nauli ya jana. Katika gemu ya blokcheni kitu hicho huwa mali yake. Anaweza kukihamishia kwenye pochi yake ya kidijitali na kumuuzia mtu asiyemjua aliye nchi nyingine, kwa bei inayopanda na kushuka kila saa. Hivyo mtu mmoja, kwa simu moja, anakuwa mchezaji na mfanyabiashara kwa wakati uleule, na haja za hao wawili hazipatani kila mara.

Watengenezaji wengi wamelichukulia suala hili kama la vipimo: raha iongezwe kiasi gani, malipo yapunguzwe kiasi gani. Vipimo vina nafasi yake, lakini haviwezi kujibu swali lililo chini yao, yaani fedha anayoondoka nayo mchezaji imetoka mfukoni mwa nani. Mwanafikra wa Kifaransa Roger Caillois aliandika mwaka 1958 kwamba mchezo hauzalishi mali. Mali hubadilisha mikono tu kati ya wachezaji. Kauli hiyo inazigusa gemu za blokcheni moja kwa moja. Kubonyeza kioo hakuoteshi mahindi wala hakuvui sangara. Kila shilingi inayotoka lazima kuna aliyeiingiza, na sababu iliyomfanya aiingize ndiyo inayoamua kama gemu itadumu.

Kuna aina tatu za watu wanaoweza kuiingiza. Wa kwanza ni wanaolipa kwa sababu wanafurahia, kama anayenunua vazi jipya la mhusika wake bila kutarajia kurudishiwa kitu. Wa pili wako nje ya mchezo, kama mtangazaji anayetaka macho ya wachezaji. Wa tatu ni wanaolipa kwa sababu wanatarajia kutoa zaidi ya walichoingiza. Fedha za aina mbili za kwanza zinaweza kumlipa mchezaji miaka na miaka. Fedha za aina ya tatu humlipa aliyetangulia kwa mtaji wa aliyechelewa, na zikibaki peke yake gemu huwa na siku za kuhesabika, hata iwe imetengenezwa kwa ustadi gani.

Buswelu, makao makuu ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, iko karibu na mahali ambapo raha na malipo vimeishi pamoja kwa muda mrefu bila kuuana. Bujora, Kisesa, penye Makumbusho ya Wasukuma, hufanyika sherehe za Bulabo, ambamo vikundi vya ngoma hushindana wakati wa sikukuu ya Ekaristi, baada ya mavuno. Mashindano hayo yanatokana na ushindani wa vyama viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inatajwa kuwa ni waganga na wachezaji wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Utaratibu wake ni rahisi na mkali: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kinachovuta umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Ndiyo maana wachezaji huja na chatu, fisi, nungunungu na kila kitu kinachoweza kumfanya mtu aache upande wa pili akimbilie huku. Heshima, zawadi na mialiko ya baadaye hutokana na umati, na umati umekuja kuona. Hakuna mtazamaji anayesimama juani Bujora akitarajia kuuza nafasi yake ya kusimama kwa bei ya juu zaidi jioni.

Bugobogobo, ngoma ya majembe, inaonyesha njia nyingine. Vikundi vya wakulima vya Usukuma vililima mashamba kwa wimbo na mdundo wa ngoma, majembe yakirushwa na kudakwa kwa pamoja, na mwenye shamba aliwapa chakula, mifugo au fedha. Raha ilikuwa ya kweli na malipo yalikuwa ya kweli, lakini havikutoka sehemu moja. Ngoma iliifanya kazi iwe nyepesi. Shamba lililolimwa ndilo lililolipa. Wimbo ungeweza kuwa mbaya siku hiyo na mwenye shamba bado angepata matuta yake. Ukiitazama gemu ya blokcheni kwa macho ya mtu aliyewahi kulima hivyo, unatafuta shamba liko wapi, au umati uko wapi. Katika gemu nyingi zilizovuma kati ya 2021 na 2024 hapakuwa na shamba, na umati wote ulikuwa umeingia uwanjani kucheza.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Axie Infinity, iliyotengenezwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam na kuanza mwaka 2018. Kabla yake, mwishoni mwa 2017, paka wa kidijitali wa CryptoKitties walikuwa wameonyesha kwamba watu wako tayari kununua wanyama wa kwenye kioo. Biashara hiyo ilifanya mtandao wa Ethereum uelemewe kwa muda. Axie iliongeza mapigano. Mchezaji alihitaji wanyama watatu ili aanze. Aliposhinda alipata tokeni, yaani sarafu ya kidijitali, iliyoitwa SLP, na SLP hizo zilitumika kuzalisha wanyama wapya, ambao waliuzwa kwa wachezaji wanaoanza. Katikati ya 2021, wakati wa vizuizi vya UVIKO-19, Wafilipino wengi waliopoteza kazi waliingia humo. Julai 2021 SLP moja ilifika zaidi ya senti 35 za dola. Kwa bei hiyo, aliyekusanya SLP 100 kwa siku alipata zaidi ya dola 35, kiasi kilichoshinda mshahara wa siku wa kima cha chini nchini Ufilipino.

Gharama ya kuanza nayo ilipanda. Wanyama watatu wa kuanzia waligharimu mamia ya dola, na kwenye kilele zaidi ya dola 1,000. Asiye na mtaji aliazimwa. Vikundi kama Yield Guild Games, kilichoasisiwa na Mfilipino Gabby Dizon na wenzake, vilinunua wanyama na kuwakabidhi vijana kwa makubaliano: asilimia 70 ya mapato kwa anayecheza, 20 kwa msimamizi aliyemwingiza, na 10 kwa kikundi. Kwa kijana wa Buswelu mpango huo haungekuwa mgeni hata kidogo, kwani ni uleule wa bodaboda ya tajiri inayopelekewa hesabu jioni. Lakini pikipiki, hata soko likiwa gumu, humfikisha abiria Nyakato au Kiseke, na abiria hulipa kwa sababu amefika. Mnyama wa Axie hakumfikisha mtu popote. Thamani yake ilitegemea kuwepo kwa mtu mwingine anayetaka kuanza kesho.

Novemba 2021 Axie ilikuwa na wachezaji wapatao milioni 2.7 kwa siku. Hapo hesabu ilianza kugoma. Kila mchezaji alizalisha SLP kila siku. SLP ziliteketezwa tu pale mtu alipozalisha mnyama mpya. Na mnyama mpya alikuwa na maana tu kama kuna mgeni wa kumnunua. Wageni walipopungua, uzalishaji wa wanyama ulipoteza faida, na SLP zikabaki zikimwagika sokoni bila kazi. Februari 2022 watengenezaji wenyewe walitangaza kwamba bila hatua kali uchumi wa mchezo ungeanguka moja kwa moja, wakaondoa malipo ya SLP katika sehemu ya mchezaji kupambana na kompyuta. Wakati huo tokeni ilikuwa imeshuka hadi senti moja au mbili, na baadaye ikawa chini ya senti moja. Dola 35 za Julai ziligeuka kuwa dola moja au pungufu, kwa saa zilezile za kazi.

Pigo la pili lilitoka upande mwingine. Tarehe 23 Machi 2022 wadukuzi waliiba sarafu 173,600 za Ethereum (ETH) na dola za kidijitali milioni 25.5 kutoka Ronin, mtandao uliojengwa kwa ajili ya mchezo huo. Jumla ilizidi dola milioni 600. Wizi haukugunduliwa hadi tarehe 29, mtumiaji mmoja aliposhindwa kutoa fedha zake. FBI ya Marekani ililitaja kundi la Lazarus la Korea Kaskazini kuwa ndilo lililohusika. Ni kosa, hata hivyo, kusema Axie iliuawa na wadukuzi. Idadi ya wachezaji na bei ya tokeni zilikuwa zimeanza kushuka miezi kadhaa kabla.

Afrika ilisikia habari za Ufilipino kwa masikio ya matumaini. Kampuni ya Jambo, iliyoanzishwa na ndugu wawili, James na Alice Zhang, ilikusanya dola milioni 30 Mei 2022 ili kuwaingiza vijana wa bara hili kwenye mitandao ya blokcheni kwa kujifunza, kucheza na kupata; mwaka 2024 ilitoa simu ya dola 99 iliyokuja na programu hizo tayari. Lakini kilichoenea zaidi Afrika Mashariki hakikuhitaji simu mpya wala mtaji. Kilikuwa gemu za kubonyeza ndani ya Telegram.

Ya kwanza kuvuma ilikuwa Notcoin, iliyoanza Januari 2024. Mchezaji alibonyeza sarafu kwenye kioo na hesabu ikapanda. Hakukuwa na kingine cha maana. Ilifikisha watumiaji wapatao milioni 35, na Mei 16, 2024 tokeni yake ilipoingia sokoni, waliobonyeza walilipwa fedha za kweli. Habari hiyo ilifanya kazi ambayo tangazo lolote lisingeweza. Machi mwaka huohuo Hamster Kombat ilikuwa imeanza, na kufikia katikati ya mwaka vijana wa Tanzania, Kenya, Ethiopia, Nigeria na hata Iran walikuwa wakitapu, kama walivyoita wenyewe. Mchezaji alikuwa mkurugenzi wa soko la sarafu za kidijitali. Alibonyeza hamster, mnyama wa jamii ya panya, akanunua kadi za kuongeza faida ya kila saa, akaalika marafiki, akatimiza kazi za kutembelea chaneli fulani ya YouTube.

Siku ya mchezaji makini ilikuwa na ratiba. Kadi tatu maalumu za siku hiyo zilipaswa kutafutwa na kununuliwa zote ili kupata sarafu milioni tano za ndani ya mchezo. Kwa kuwa karibu hakuna aliyekuwa na muda wa kuzibahatisha, jibu lilisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp na chaneli za Telegram: picha moja yenye kadi tatu, wakati mwingine ikifuatana na neno la siri la kubonyezwa kwa nukta na mistari ya Morse. Mtu aliifungua picha, akanakili, akafunga. Kila saa tatu alirudi, kwa sababu faida ilikusanyika kwa saa tatu tu bila yeye kuingia. Kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye banda la fundi simu au nyuma ya kaunta ya wakala, kazi hiyo ilichukua dakika chache kila mara, lakini iliirarua siku nzima vipande vipande.

Tokeni za Hamster Kombat zilitolewa Septemba 26, 2024. Kampuni ilisema watu milioni 131 walistahili mgawo, na milioni 2.3 waliondolewa kwa udanganyifu. Tokeni bilioni 60 ziligawanywa. Kwa bei ya kuanzia, iliyokuwa karibu senti moja ya dola, mgawo wote ulikuwa na thamani ya takribani dola milioni 600. Fedha hizo ni nyingi, hadi zinapogawanywa kwa watu milioni 131: wastani ni dola nne na nusu hivi kwa kila mmoja, karibu shilingi 12,000 za wakati huo. Tena huo ni wastani. Mgawo haukuwa sawa, waliocheza kwa nguvu na wenye waalikwa wengi walichukua zaidi, na wengi walipata chini ya hapo. Sehemu ya tokeni ilizuiliwa kutolewa kwa miezi kumi. Katika wiki chache bei ilikuwa imeshuka chini ya nusu.

Hesabu hiyo ingeweza kufanywa Juni kama ilivyofanywa Septemba. Kila mtu aliyealikwa aliongeza idadi ya wagawanaji bila kuongeza ukubwa wa kinachogawanywa kwa kiwango kilekile, ilhali mchezo ulimlipa mwalikaji kwa kualika. Fedha ya kweli ndani ya mfumo huo ilitoka kwa matangazo, ambayo ni chanzo halali kabisa, na kwa wanunuzi wa tokeni waliotumaini itapanda. Ya kwanza ilikuwa ndogo kwa mtu mmoja mmoja, kwa kuwa jicho la mtumiaji anayebonyeza huku akiwaza mengine halimletei mtangazaji faida kubwa. Ya pili ilikwisha siku tokeni ilipofika sokoni na karibu kila aliyeipata akataka kuuza.

Upande wa raha una ushahidi wake. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa shule ya awali huko Stanford, Marekani, waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, watoto waliokuwa wameahidiwa walichora kwa takribani nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa kabla hawakupoteza hamu. Kilichowabadilisha hakikuwa zawadi yenyewe. Walikuwa wamejifunza kwamba kuchora ni njia ya kufikia kitu kingine. Gemu ya blokcheni huanza na ahadi. Mchezaji huambiwa malipo kabla hajajua kama anaupenda mchezo, na ahadi inapopungua anagundua kwamba hakuna kilichobaki cha kumrudisha.

Kuna athari ya pili, ambayo huwaumiza hata waliokuja kwa raha. Pale ambapo kila ushindi una bei, njia yenye faida kubwa huishinda njia yenye kuvutia. Wachezaji hurudia mapambano yaleyale, hununua akaunti nyingi, huandika programu za kubonyeza badala yao. Waliokuja kucheza hujikuta wakishindana na mashine. Kisha watengenezaji huweka vizuizi: kikomo cha siku, uhakiki, adhabu. Kila kizuizi huzuia ulaghai kidogo na kumchosha mchezaji mwaminifu kidogo.

Si kwamba fedha ikigusa mchezo basi mchezo umekufa. Vibanda vya gemu vya mitaani vinathibitisha vinginevyo. Vijana wawili hukaa mbele ya televisheni, kila mmoja na pedi yake, mechi ya mpira wa kwenye kioo inaanza, na kwa desturi ya vibanda vingi anayefungwa ndiye anayelipia. Kuna fedha hapo, na inaongeza utamu: kila bao lina uzito, kelele za waliosimama nyuma zinapanda. Lakini kiasi ni kidogo, kila mtu anajua kwamba kwa jumla meza nzima itatoa fedha na mwenye kibanda ndiye atakayeipokea, na hakuna anayeondoka nyumbani akisema anakwenda kazini. Wamelipia jioni yao. Mpangilio huo wa kawaida una uwiano ambao kampuni zenye mamilioni ya dola zimeshindwa kuupata.

Kwa mchezaji wa Buswelu, kati ya tokeni na ugali kuna safari. Tokeni huhamishwa kwenye soko la kimataifa, hubadilishwa kuwa sarafu inayofuata bei ya dola, kisha huuzwa kwa mtu mwingine moja kwa moja: soko linaishikilia sarafu, mnunuzi anatuma shilingi kwa M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas, muuzaji akithibitisha soko linaiachia. Kila kituo kina makato yake, na masoko mengi yana kiwango cha chini cha kuuza. Aliyepata tokeni za shilingi 3,000 anaweza kukuta kwamba haziwezi kutoka, au zikitoka, makato na bando alilotumia miezi minne vimezimaliza. Wanaotapeli kwa ujumbe wa kutaka hela itumwe kwenye namba nyingine wameifuata biashara hii pia. Hutuma ujumbe wa muamala wa kughushi ili muuzaji aachie sarafu kabla shilingi hazijaingia. Kuangalia salio lenyewe, na si ujumbe, ndiyo kinga. Kinga nyingine ni kutompa mtu yeyote maneno ya siri ya pochi, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa gemu.

Kumbukumbu ya nchi inawafanya wazazi wengi waziite gemu zote hizi DECI. Mpango huo, uliowakusanya Watanzania wengi kabla ya kusimamishwa na serikali mwaka 2009, uliwataka watu wapande mbegu na kusubiri mavuno, na mavuno ya wa mbele yalikuwa mbegu za wa nyuma. Wazazi hao hawajakosea kuhusu mtiririko wa fedha, lakini ulinganisho una mipaka. DECI iliahidi kiasi cha kurudishwa. Gemu nyingi haziahidi bei. Katika gemu ya kubonyeza bila malipo, kinachopotea ni muda, bando na usingizi, si ada ya shule. Hatari inafanana kabisa pale gemu inapomtaka mtu anunue kwanza mnyama, kiatu au kiwanja cha kidijitali ili aanze kulipwa. STEPN, programu ya kumlipa mtu kwa kutembea, ilifuata njia hiyo mwaka 2022: viatu vya kidijitali viliuzwa kwa mamia ya dola, tokeni ikapanda hadi Aprili, kisha ikaporomoka, na walionunua mwisho wakabaki na viatu visivyo na mteja.

Ndani ya tasnia yenyewe, baadhi walikataa tangu mwanzo. Oktoba 2021 Valve ilizizuia gemu za blokcheni kwenye duka lake la Steam. Julai 2022 Mojang, wenye Minecraft, walikataa vitu vya aina hiyo, wakisema vinajenga ubaguzi kati ya walionacho na wasionacho ndani ya mchezo wa watu wote. Ubisoft ilijaribu kuingiza vifaa vya blokcheni ndani ya gemu yake ya Ghost Recon Breakpoint Desemba 2021, wachezaji wakapinga kwa nguvu, na miezi michache baadaye ikaacha kuongeza vipya.

Waliobaki wamejifunza kubadilisha mpangilio. Toleo la Axie la 2022, Origins, lilianza kutoa wanyama wa kuanzia bure, ili mtu aupime mchezo kabla ya kutoa fedha. Off The Grid, gemu ya risasi iliyotoka Oktoba 2024, iliweka blokcheni pembeni: wengi waliicheza bila kujali kwamba ipo, na mwenye kutaka kuuza vifaa vyake aliweza. Mwelekeo huo ni sahihi kwa sababu unarudisha aina ya kwanza ya fedha, ya anayelipa kwa kuwa amefurahi, na kumwacha mchezaji wa kawaida huru kutokuwa mfanyabiashara. Mapato ya mchezaji hupungua sana katika mpangilio huu. Wachache wenye ustadi wa pekee, wabunifu wa mavazi au wanaotazamwa na wengi hupata. Wengine hucheza tu. Atakayesema gemu inaweza kumlipa kila anayecheza mshahara, na pia iwe tamu, anapaswa kuulizwa mlipaji ni nani.

Sheria imefuata nyuma. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi kwamba sarafu za kidijitali hazitambuliwi na kwamba fedha halali nchini ni shilingi. Juni 13, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, akifungua jengo jipya la Benki Kuu jijini Mwanza, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa teknolojia hii ili isikutwe haiko tayari. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, ikatwe na mwenye jukwaa. Kenya ilipita njia inayokaribiana: ilianza na kodi ya asilimia 3 mwaka 2023, ikaifuta 2025, na Oktoba mwaka huo ikapata sheria ya kuwapa leseni watoa huduma wa mali hizo, chini ya Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Michezo ya kubahatisha Tanzania ina sheria ya 2003 na bodi yake, yenye mamlaka juu ya leseni na umri wa miaka 18. Gemu ya kubonyeza haina dau, kwa hiyo haikai vizuri ndani ya sheria hiyo, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kupata kwa tokeni fedha ambayo hangeruhusiwa kuitafuta kwa mkeka wa kubeti. Kodi ya 2024 ilimfikia mchezaji kabla ya leseni kumfikia mwenye soko: fedha yake ilianza kuhesabiwa na serikali kabla ya kuwekwa utaratibu wa kumlinda pale soko lililosajiliwa ng'ambo linapofunga akaunti yake.